Tuwafundishe Wanasayansi Kusikiliza Kabla ya Kusema

Katikati ya mwaka 2016 watu wa baadhi ya maeneo ya Dodoma na Manyara, nchini Tanzania, walianza kufika vituo vya afya macho yakiwa ya manjano, matumbo yamejaa, wengine wakitapika. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa 68 walikuwa wameorodheshwa na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Haikuwa sumu mpya. Wanasayansi waliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya batamzinga wapatao 100,000 kufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Wala haikuwa mgeni Afrika Mashariki: mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Basi siku familia za Dodoma zilipokuwa zikisonga ugali wa mahindi yale, maarifa ya kuwakinga yalikuwa na umri wa nusu karne, yamelala vitabuni, maabarani na katika mihadhara ya vyuo vikuu vyetu. Sisemi kwamba ukosefu wa maelezo peke yake ndio uliowaua. Umaskini, hali ya hewa na uhifadhi duni navyo vina sehemu yao. Ninalosema ni kwamba umbali ulioko kati ya anayejua na anayehitaji kujua una sababu zinazochunguzika, na kuupunguza ni kazi inayofundishika.

Siku hizi wapo wengi wanaokubali kwamba mwanafunzi wa sayansi afundishwe kuzungumza na watu wasio wataalamu. Lakini ukiuliza afundishwe nini hasa, utaambiwa: kusimama vizuri, kutoa sauti, kupanga slaidi, kutabasamu, kumaliza ndani ya muda. Yote hayo ni mema, ila tumeanzia mwisho. Hoja yangu leo ni kwamba jambo la kwanza kumfundisha mwanasayansi chipukizi ni kumsikiliza asiye mtaalamu, na kinachostahili kutahiniwa ni kile msikilizaji anachoondoka nacho, hata kama msemaji hana ufasaha wa kupigiwa makofi. Tazama mwanafunzi wetu anavyolelewa sasa. Mwaka wa kwanza anapewa kozi ya stadi za mawasiliano, anajifunza insha ya kitaaluma, namna ya kutaja marejeo na kuandika ripoti, kwa Kiingereza. Kisha kwa miaka mitatu au minne, kila anachoandika husomwa na mhadhiri, yaani mtu anayejua zaidi yake na ambaye tayari analo jibu mkononi. Halafu anahitimu, na maisha yake yote yaliyobaki anakutana na watu ambao hawajui alichosomea, lakini wanajua mengi ambayo yeye hayajui: udongo wa shamba lao, mwenendo wa soko lao, mwili wa mtoto wao. Kwa mkutano huo hakuandaliwa hata siku moja.

Wapo watakaosema kwamba kueleza ni kipaji, na kwamba ajuaye kitu sawasawa atakieleza tu. Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Elizabeth Newton alifanya jaribio rahisi kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu. Watu wa kundi moja walichagua nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wakazipiga kwa kidole mezani, mapigo matupu bila kuimba. Wa kundi la pili walitakiwa kuzitambua. Wapigaji walibashiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizopigwa, zilizotambuliwa zilikuwa tatu. Mpigaji alikuwa anausikia wimbo mzima kichwani mwake, maneno na ala zote, na hakuweza kuamini kwamba mwenzake anasikia ko-ko-ko tu. Hapo hapana kiburi wala dharau. Ujuzi wenyewe ndio uliomziba masikio. Na kwa kuwa kizuizi kinatokana na kujua, kuongeza kujua hakukiondoi. Dawa ni kumuuliza msikilizaji amesikia nini. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo inapendeza barazani, watu wakitegana mafumbo. Chuo kikuu kikiifanya kuwa desturi yake, kimewafungia mlango wale wanaolipa kodi inayokiendesha.

Turudi kwenye sumukuvu tuone kazi yenyewe ilivyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, na haimwambii kitu mkulima wa Kongwa, Dodoma. Mwanafunzi aliyefunzwa angepiga hesabu: chukua magunia 1,000 ya mahindi, kila gunia kilo 100, gramu moja tu ya sumu ikitawanyika humo, mzigo wote umefika ukomo unaoruhusiwa. Sasa msikilizaji anaelewa kwa nini jicho haliioni na ulimi hauionji. Lakini mwanafunzi akiridhika hapo, hajamaliza hata nusu ya kazi, kwa sababu maswali ndiyo kwanza yanaanza. Nikiyapika sana, haifi? Hapana, si kiumbe hai, na moto wa jikoni hauiharibu vya kutosha. Nikiyaanika upya? Kukausha huzuia kuvu wasiendelee kukua, lakini sumu iliyokwisha kuingia haitoki kwa jua. Nikimpa ng'ombe? Itamdhuru, na sehemu yake itatoka kwenye maziwa. Kisha litakuja swali ambalo slaidi nyingi hazina jibu lake: basi nile dona au sembe? Maana mtaalamu wa lishe amekwisha kumwambia mama huyo kwamba dona, yaani unga usiokobolewa, ina virutubisho vingi zaidi, na mtaalamu wa usalama wa chakula anajua kwamba kukoboa huondoa sehemu ya sumu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini.

Swali hilo la dona na sembe linafaa kutazamwa kwa makini. Wataalamu wote wawili wana haki, kila mmoja katika darasa lake. Lakini sahani ni moja, na anayekula ni mtoto mmoja. Jibu la kweli linaanzia kwenye mahindi yenyewe: yaliyovunwa kwa wakati, yakaanikwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, yakachambuliwa punje mbovu, yakahifadhiwa makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, hayo yanafaa kwa dona. Yenye shaka, kukoboa kutapunguza sumu lakini hakutayafanya salama. Jibu hilo halimo katika kozi moja. Limo kipande kwenye mikrobiolojia, kipande kwenye lishe, na kipande kwenye uchumi wa kaya, na aliyelazimisha vipande hivyo viunganishwe ni mtu ambaye hakusoma hata kozi moja kati ya hizo. Ndiyo maana siwaafiki wanaoiona kazi ya kueleza sayansi kama huduma ya ziada, hisani ya msomi kwa umma baada ya saa za kazi. Swali la asiye mtaalamu humpima mtaalamu kuliko mtihani wa darasani, kwa sababu halifuati mipaka ya mtaala.

Historia ya sayansi yenyewe ina mfano wa karibu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Tanga, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa bado moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyefika kutoa mhadhara. Osborne hakulitupa swali. Alirudi chuoni akataka jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu ya jambo hilo katika jarida la Physics Education, na jina la Mpemba likaingia katika fizikia ya dunia nzima. Wanafizikia bado wanabishana kama tukio lenyewe hutokea kwa uhakika na kwa sababu gani. Hilo halipunguzi funzo. Walimu waliolikataa swali walikuwa na ujuzi wa kutosha. Aliyechangia sayansi ni yule aliyekuwa na sikio. Ujuzi huo wa kupokea swali lisilotarajiwa, kulipima bila dharau na kukiri kwamba jibu halipo bado, hatuufundishi popote katika shahada ya sayansi.

Na si kwamba hatujui njia. Tanzania imewahi kuonyesha, tena kwa redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na redio ya taifa, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini na mitaani kwa wiki 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, halafu kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka, kuchemsha maji ya kunywa. Angalia mpangilio huo. Sauti ya mtaalamu redioni ilikuwa sehemu ya kwanza tu, tena fupi. Jambo liligeuka kuwa la wanakijiji pale walipolizungumza wenyewe kwa maneno yao na kulipima kwa hali ya kijiji chao. Na kipimo cha kampeni kilikuwa kwenye kaya, kwenye choo kilichochimbwa, wala hakuna aliyeuliza kama mtangazaji alikuwa na sauti nzuri. Nusu karne baadaye tumepata simu za mkononi, runinga na mitandao ya kijamii, na bado mara nyingi tunahesabu watazamaji tukidhani tumehesabu walioelewa.

Sasa tuyajibu mapingamizi, maana yapo yenye uzito. La kwanza ni kwamba kurahisisha ni kupotosha: ukiondoa istilahi na tahadhari, umeondoa sayansi yenyewe. Hofu hii ni ya haki, lakini inadhani kwamba usahihi ukishakaa kwenye karatasi, umetosha. Oktoba 1995 mamlaka za dawa za Uingereza zilitoa onyo kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kauli hiyo ilikuwa kweli. Kwa hesabu nyingine, hatari ilitoka kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 7,000 ikafika wawili kati ya 7,000. Wanawake wengi walisikia tu kwamba hatari imeongezeka mara mbili, wakaacha vidonge, na inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Hatari ya damu kuganda wakati wa ujauzito, isitoshe, ni kubwa kuliko ile ya vidonge. Hapo hakuna istilahi iliyoondolewa wala ukweli uliopindwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema, mwanamke wa kawaida akisikia neno hili ataelewa nini na atafanya nini? Mwanafunzi afundishwe kipi kinaweza kuachwa, kama jina la kipimo na hatua za maabara, na kipi hakiachwi kamwe: ukubwa halisi wa hatari, mipaka ya ushahidi, na nani aliyegharimia utafiti.

Pingamizi la pili: hiyo ni kazi ya waandishi wa habari, kila mtu ashike lake. Laiti kila redio ya mkoa ingekuwa na mwandishi wa sayansi. Nyingi hazinaye, na hata penye mwandishi hodari, bado humpigia simu mtaalamu, na kipindi chake hakiwezi kuwa bora kuliko maelezo aliyopewa. Zaidi ya hapo, wahitimu wengi wa sayansi hawaendi kuwa watafiti. Wanakuwa maafisa ugani, wauguzi, madaktari, wafamasia, walimu, wakaguzi wa chakula, watu wa maji na mazingira. Kwao, kuzungumza na wasio wataalamu ndiyo kazi yenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Chuo kinachomfunza daktari kusoma matokeo ya maabara na kisimfunze kumweleza mgonjwa maana yake, kimemfunza nusu ya udaktari.

La tatu ni la lugha. Tunaambiwa sayansi imesomwa kwa Kiingereza na Kiswahili hakina maneno. Kuhusu maneno, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba ikafuata mwaka 2003. Wakati wa UVIKO-19 maneno kama barakoa na kitakasa mikono yalienea kutoka redioni hadi sokoni kwa miezi michache, kwa sababu watu walikuwa na haja nayo. Kinachomkwamisha mhitimu ni kwamba hajawahi kutakiwa kufikiri juu ya fani yake kwa lugha ya msikilizaji. Akilazimika, hugundua kwamba sehemu kubwa ya anachohitaji mkulima ni vitenzi anavyovijua tangu utotoni: vuna, anika, chambua, kausha, pima. Na mara nyingi hugundua pia kwamba kuna mahali yeye mwenyewe hakuwa ameelewa, ila istilahi ya kigeni ilikuwa imemfunika.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote: watu hawabadiliki kwa sababu ya maelezo. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa wazazi 1,759 nchini Marekani walioonyeshwa ujumbe wa aina mbalimbali kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Taarifa zilizokanusha kwamba chanjo husababisha usonji zilipunguza imani hiyo potofu, lakini kwa wazazi waliokuwa na mashaka makubwa tangu mwanzo, nia ya kuchanja watoto ilishuka badala ya kupanda. Nalikubali pingamizi hili, kisha naligeuza. Linachothibitisha ni kwamba kumwaga habari juu ya mtu usiyemjua hakufai. Mzazi anayehofia chanjo huenda hofu yake inatokana na jinsi alivyotendewa kliniki, na mkulima asiyetumia turubai huenda anajua kila kitu ila hana fedha ya kulinunua. Mwanasayansi aliyefundishwa kusikiliza atalijua hilo mapema, na atalirudisha kwa watafiti na serikali kama taarifa: shida hapa ni bei, au ni imani iliyovunjika, msiongeze mabango.

Tufanye nini basi? Kwanza, somo hili lisiwekwe mwaka wa kwanza, wakati mwanafunzi hana cha kueleza, bali miaka ya mwisho, pamoja na utafiti wake. Pili, kila ripoti ya utafiti ya shahada ya kwanza iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa nje ya fani. Tatu, na hapa ndipo uzito ulipo, alama zitolewe kwa kurudisha: msikilizaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, aseme angefanya nini kwa hicho alichoelewa, na mwanafunzi ahesabiwe kwa jibu hilo. Madaktari na wauguzi katika nchi nyingi hutumia njia hii kuhakikisha mgonjwa ameelewa dawa zake. Najua mhadhiri mwenye wanafunzi 500 atauliza muda ataupata wapi. Chuo kikuu kimejaa wasio wataalamu: mwanafunzi wa sheria hajui kemia, wa kemia hajui uhasibu, na wote wanalala bweni moja. Wakisikilizana na kupimana wao kwa wao chini ya usimamizi, gharama ni ndogo. Kisha wakati wa mafunzo kwa vitendo wapimwe na wanakijiji, wagonjwa au wavuvi wenyewe. Nne, mhadhiri naye atambuliwe. Maadamu anapandishwa cheo kwa machapisho, na maelezo yake kwa umma hayahesabiki, atawafundisha wanafunzi kile anacholipwa kukithamini.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu Kenya ndizo zinazopitisha mitaala. Mtaala wa shahada ya sayansi ukifika mezani kwenu, ulizeni swali moja: ni wapi ndani yake mwanafunzi anapimwa na mtu asiye mtaalamu? Pasipokuwa na mahali hapo, urudisheni. Nawe msikilizaji una sehemu yako. Mtaalamu akija kijijini, kliniki au hapa redioni, akasema, nawe hukuelewa, usiitikie kwa heshima tu ukaondoka. Mwambie hukuelewa, na umwombe aanze tena. Kuuliza si ujinga, na aliyesomeshwa kwa kodi yako anadaiwa jibu.